Sentensi Asiyoisema

Kalamu alifika kwenye chumba cha mtihani saa moja na nusu asubuhi, kichwani amebeba maneno ya kuomba radhi aliyoyapanga tangu Jumamosi. Hakupata nafasi ya kulisema hata moja.

Wakili alikuwa ameshafika. Alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, shati jeupe, fimbo yake imekunjwa juu ya magoti, uso umeelekea mlangoni. Kalamu alisimama kizingitini akamtazama. Miaka mitatu alikuwa amemtazama mwanamume huyu bila haya, kwa sababu yeye hakuweza kumkamata akimtazama, na bado moyo ulimwenda mbio kama siku ya kwanza. Alitazama taya lile, na kovu dogo chini ya nyusi. Alitazama mikono iliyotulia kupita kiasi, akajua kwamba hasira haijaisha.

"Habari za asubuhi," alisema.

"Nzuri, dada," Wakili alijibu.

Dada! Hakuwahi kumwita hivyo katika maisha yao yote mpaka Jumamosi. Kalamu alihisi kama kamwagiwa maji ya barafu mgongoni.

Hilo jina Kalamu halikuwa lake la kuzaliwa, wala yeye Wakili hakuwa wakili bado. Wote wawili walibatizwa na wanafunzi. Kalamu alikuwa mkutubi msaidizi mwenye mwandiko mzuri, basi ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu ikamwomba amwandikie mitihani mwanafunzi mmoja wa sheria asiyeona. Kompyuta ya kusoma kwa sauti ilikuwa imeombwa tangu mwaka juzi, na mpaka leo barua zinapishana tu. Kazi ya mwandishi ni nyepesi kuieleza. Anamsomea mtahiniwa swali, mtahiniwa anasema jibu, yeye anaandika. Anaandika kilichosemwa, kama kilivyosemwa. Hasahihishi, haongezi, hapunguzi. Mtahiniwa akikosea, anaandika kosa lile lile. Hata kukohoa kwa namna ya kuonya ni udanganyifu.

"Kalamu, njoo huku nje," Mratibu aliita kutoka ukumbini.

Mratibu wa ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, mkali kama pilipili kichaa, na hapakuwa na mtu katika ofisi ya mitihani ambaye hakumwogopa. Chumba hiki kilikuwa stoo ya viti vibovu. Alikigombania miezi miwili, barua juu ya barua, mpaka wakampa ufunguo ili apunguze kuwasumbua. Viti vibovu alivitoa mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jana huyu bwana amenipigia simu, anataka mwandishi mwingine. Nikamuuliza kuna nini, akasema hakuna kitu. Hakuna kitu, halafu mtu anabadilisha mwandishi siku moja kabla ya karatasi ya mwisho? Mimi si mtoto."

Kalamu aliangalia chini.

"Sikuulizi," Mratibu aliendelea. "Nitamtoa wapi, Jumapili jioni, mtu mwingine anayejua maneno ya sheria? Nimemwambia mwandishi ni wewe, amekubali shingo upande. Lakini sikiliza, mwanangu. Akianguka karatasi hii hahitimu mwaka huu, na ile nafasi aliyoahidiwa kwenye ofisi ya mawakili haitamsubiri. Kama mna yenu, yaacheni hapa ukumbini. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Akaingia akakaa, na ya kwao akaingia nayo. Angeyaacha wapi?

Yalianzia kwenye chumba cha kusomea kwa sauti, mwaka wa pili. Alikuwa akimsomea kitabu cha sheria za mirathi, jambo kavu lisilo na ladha, na Wakili kila baada ya kurasa mbili anasema, "Rudia hapo." Kalamu anarudia. "Rudia tena." Anarudia tena, anadhani labda hasikiki. Siku moja alichoka akamuuliza, "Kwani hunisikii?" Wakili akacheka. "Nilikusikia mara ya kwanza. Napenda tu urudie." Siku ile Kalamu alirudi nyumbani akasahau hata kula.

Mambo yakakua. Mwezi uliopita Wakili akasema wazi: anataka kwenda nyumbani kwa kina Kalamu, akae mbele ya mama yake, ajitambulishe kama mtu mzima. Kalamu akasema sawa, njoo Jumamosi ile kabla ya karatasi ya mwisho, saa nne, nitamwandaa Mama. Wiki ya kwanza hakumwandaa. Ya pili akasema kesho. Kesho ikawa Jumamosi saa nne, mlango ukagongwa, na Mama ndiye aliyefungua.

Wakili alisimama pale mlangoni amenyoosha shati, amenyoa, fimbo mkononi. Kutoka kituoni mpaka getini hakuwa na mtu wa kumshika mkono.

"Karibu, baba," Mama alisema, huku akimtazama kuanzia viatu mpaka fimbo. Kisha akamgeukia binti yake. "Nani huyu?"

Jamani, ni swali la maneno mawili. Kalamu alikuwa na jibu, alilipenda, alilala nalo kila siku. Lakini aliona macho ya mama yake yakiganda kwenye ile fimbo, na ulimi ukamgeuka.

"Ni mwanafunzi wa chuoni, Mama. Huwa namwandikia mitihani. Amekuja kuchukua karatasi zake."

Uongo ukishatoka unadai vifaa. Sasa karatasi ziko wapi? Kalamu alipapasa juu ya kabati la televisheni, akashika kitabu cha kwanza alichokikuta, akakitia mkononi mwa Wakili. Vidole vya Wakili vilipita juu ya jalada lile laini la kiwandani, polepole, huku na huku. Kisha akainamisha kichwa.

"Asante, dada," alisema. "Samahani kwa usumbufu, mama."

Akageuka, akaondoka.

Mama alifunga mlango akakaa kwenye kochi.

"Kipofu amekuja kuchukua karatasi za wino," alisema.

"Mama..."

"Mimi nimekuzaa. Nimemshika baba yako mkono miaka sita baada ya kupooza, kumpeleka chooni, kumrudisha, kumlisha. Sikujuta, alikuwa mume wangu. Lakini niliapa mwanangu hatabeba mzigo ule. Sitaki, na sitaficha kwamba sitaki."

"Yeye si mgonjwa, Mama. Anajipikia, anajifulia, anakuja mwenyewe."

"Nimeona kwamba anakuja mwenyewe. Ungeniambia ni mchumba wako ningekasirika mpaka jioni, lakini kiti ningempa. Wewe hukumpa hata kiti." Mama alinyanyuka akaelekea jikoni. "Basi kama unaona haya mapema hivi, mwache kijana wa watu."

Tangu saa ile simu za Kalamu zilipigwa zikaita mpaka zikachoka. Wakili hakupokea hata moja.

Saa mbili kamili Msimamizi aliingia na bahasha. Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mpole, mwenye gazeti lililokunjwa kwapani kwa ajili ya fumbo la maneno. Alisoma masharti. Muda ni saa tatu, pamoja na dakika arobaini na tano za ziada kwa mujibu wa barua ya Mratibu. Mtahiniwa na mwandishi wasizungumze lolote nje ya mtihani.

"Mmeelewa?"

"Ndiyo," alisema Wakili.

"Ndiyo," alisema Kalamu, akameza maneno yake yote ya radhi.

Swali la kwanza na la pili lilikwenda vizuri ajabu. Wakili alikijua kitabu kama anavyoijua njia ya bweni. Alisema taratibu, alitaja koma na nukta, na mkono wa Kalamu ukamfuata kama walivyozoea. Kwa saa mbili nzima walikuwa wamoja tena. Kalamu alianza kujidanganya kwamba pengine hasira inayeyuka, kwamba saa sita kasoro robo watatoka, atamshika mkono ukumbini mbele za watu wote, na yatakwisha.

Akasoma swali la tatu. "Ahadi iliyotolewa kwa mdomo ina nguvu gani mbele ya sheria? Jadili kwa mifano."

Kidevu cha Wakili kiliinuka kidogo.

"Andika," alisema.

Alianza kwa kanuni, vifungu, hukumu za zamani, ukurasa mzima ulionyooka. Kisha sauti ikabadilika.

"Aya mpya. Mfano. Bi A alimwahidi Bwana B kwamba siku ya Jumamosi, koma, saa nne asubuhi, koma, atamtambulisha kwa mzazi wake. Nukta."

Kalamu aliandika. Angefanya nini? Kazi yake ni kuandika kilichosemwa.

"Kwa kuitegemea ahadi hiyo Bwana B aliacha kusoma siku mbili kabla ya mtihani wake wa mwisho, koma, akanyoosha shati, koma, akakariri njia ya nyumbani kwa Bi A kwa hatua, koma, mia mbili na kumi na nne kutoka kituoni mpaka getini. Nukta."

Kalamu hakujua habari ya hatua mia mbili na kumi na nne. Macho yakamjaa.

"Mbele ya shahidi Bi A alimkana Bwana B. Nukta. Badala yake alimpa kitabu. Nukta. Bwana B alisomewa kitabu hicho na mwenzake wa chumbani. Nukta. Kilikuwa maelekezo ya jokofu. Nukta."

Msimamizi aliinua kichwa kutoka kwenye fumbo lake, akawatazama wote wawili, kisha akaona si kazi yake kuchagua mifano ya wanasheria. Akainama tena.

"Sheria haitamsaidia Bwana B," Wakili aliendelea, sauti kavu, macho yake yasiyoona yamekaza palepale Kalamu alipokaa. "Sheria itauliza, koma, amepata hasara gani inayoweza kuthibitishwa? Alama ya kuuliza. Bwana B hana cha kuthibitisha. Nukta. Alisimama mlangoni dakika tatu, koma, akarudi kwao. Nukta."

Akanyamaza kupumua, anapanga sentensi inayofuata. Na katika ukimya ule mfupi, msomaji wangu, Kalamu alifanya jambo ambalo hakuna mwandishi anayeruhusiwa kulifanya. Alikuwa amefungwa mdomo, simu zake hazikupokewa, na mbele yake kulikuwa na njia moja tu ya kuzungumza, nayo ilikuwa kalamu mkononi. Mkono ukaenda. Akaandika, kwa mwandiko ule ule mzuri, mwishoni mwa aya: *Bi A alikosea, na bado anampenda Bwana B kuliko kitu chochote.*

Aliweka nukta. Ndipo akili ikamrudia.

"Nisomee aya hiyo kabla hatujaendelea," alisema Wakili.

Kalamu aliangalia karatasi. Angeweza kuiruka sentensi ile. Lakini ingebaki mle, chini ya namba ya mtihani ya Wakili, maprofesa waisome wakiamini ni yake. Angeweza kuifuta, lakini Wakili aliijua sauti ya kalamu inayokata maneno, angeuliza umefuta nini. Na kumdanganya mara ya pili ndani ya siku tatu, hapo hata yeye alishindwa. Akaanza kusoma. Aliyasoma mashtaka yake mwenyewe, hatua, shati, jokofu. Alipofika mwisho hakusimama.

"Bi A alikosea, na bado anampenda Bwana B kuliko kitu chochote."

Wakili hakutikisika hata ukope.

Msimamizi aliweka gazeti chini. "Hiyo ya mwisho," alisema polepole, "mimi sikumsikia akiisema."

"Sikuisema," alisema Wakili.

"Binti, umeiongeza wewe?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Yarabi." Mzee alivua miwani akajifuta uso. Alionekana kuwahurumia, lakini masharti ni masharti, na alishatoa simu mfukoni. "Acheni kila kitu kama kilivyo. Namwita Mratibu."

Mratibu alitoka upande wa pili wa chuo akikimbia, na safari ile ikala dakika kumi na tano. Alisoma sentensi akiwa amesimama. Akaisoma tena. Kalamu alisubiri afokewe, ingekuwa nafuu, lakini Mratibu aliongea chini chini.

"Miezi miwili," alisema. "Miezi miwili nawaambia wale watu, waandishi wetu ni waaminifu, hawawezi kuongeza hata herufi. Nimekula kiapo kwa jina lako."

"Nisamehe, mama."

"Mimi? Haya." Alimgeukia Wakili. "Sikiliza, mwanangu. Sentensi itakatwa, tutasaini wote, na ripoti itaandikwa dhidi yake, si dhidi yako. Karatasi yako iko salama. Una dakika hamsini na swali moja na robo. Saa siwezi kuirudisha nyuma, muda wa ziada ni ule ulioandikwa kwenye barua. Amalizie huyu, au tubadilishe? Wa kubadilisha naye ni mimi tu, na vidole vyangu unavijua, vina baridi yabisi. Kwa huyu utamaliza. Kwangu sijui."

Kalamu alimtazama Wakili kwa roho yake yote. Sema niendelee, aliomba kimoyomoyo. Nitukane baadaye, lakini nimalize hii.

"Niandikie wewe, mama," Wakili alisema.

"Fikiri vizuri. Usikasirike ukajiumiza."

"Sijakasirika. Ila sijui ni nini kingine ameandika humo."

Kalamu alifungua mdomo, Msimamizi akainua kiganja kumkataza, naye Kalamu akanyanyuka akatoka.

Alikaa kwenye benchi la ukumbini, mlango ukiwa umeachwa wazi kidogo kwa ajili ya hewa, na adhabu yake ikawa kusikia. Wakili hakutumia tena ile sauti ya kuserereka. Alisema neno moja, akasubiri. Akasema jingine, akasubiri.

"Mdai... nini?"

"Mdaawa, mama. M, d, halafu a mbili."

"Polepole, baba, polepole."

"Mdaawa. Umeandika?"

"Bado. Haya, sasa."

Hakukasirika hata mara moja. Alimvumilia Mratibu herufi kwa herufi, huku dakika zikimwagika, na Kalamu pale kwenye benchi aliandika kila neno hewani kwa kidole, na kila mara alimaliza kabla ya Mratibu kufika nusu. Saa sita kasoro robo Msimamizi alisema, "Kalamu chini." Wakili alikuwa katikati ya sentensi.

Alitoka wa mwisho. Mratibu alirudi ndani kufunga bahasha na kusaini fomu, akawaacha ukumbini wao wawili, mita mbili kati yao.

"Umebakiza kiasi gani?" Kalamu aliuliza.

"Nusu ya swali la nne. Huenda itatosha kupita. Huenda isitoshe."

"Twende nyumbani sasa hivi. Nitakushika mkono, nitakuingiza mlango ule ule, nitamwambia Mama wewe ni nani kwangu. Akinifukuza anifukuze."

"Ungeyasema hayo Jumamosi, ningekuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mjini."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Hilo nilishaanza kulisamehe. Jana usiku nilikaribia kupokea simu." Wakili aliikunjua fimbo yake kipande kwa kipande. "Sio Jumamosi, Kalamu. Ni leo."

Alikuwa amemwita kwa jina lake. Kalamu alisogea, akanyoosha mkono karibu amguse mkono wa shati.

"Niliandika ninachohisi. Sikuwa na njia nyingine ya kukwambia."

"Uliandika kwenye jibu langu." Alisema bila kupandisha sauti. "Kitu pekee ambacho ni changu peke yangu. Nikitembea, kuna wa kunivusha barabara. Nikila sehemu ngeni, kuna wa kuniambia sahani ina nini. Lakini zile karatasi nilijisemea ni zangu."

"Ni zako. Ni sentensi moja tu."

"Nakuuliza kitu, unijibu. Ile karatasi ya sheria ya ardhi, muhula uliopita. Nilikuwa wa kwanza darasa zima. Mama yangu alipopata habari alicheza uani mpaka majirani wakaja. Nilikuwa mimi yule? Au mahali fulani nilikwama, ukanihurumia, ukanisaidia kidogo?"

"Ulikuwa wewe." Machozi yalimtiririka waziwazi, hakuyafuta. "Kila neno, kila koma. Miaka mitatu sijakuongezea hata nukta moja mpaka leo. Naapa kwa Mungu."

Wakili aliinamisha kichwa upande, akalisikiliza jibu lile mpaka mwisho, na hata lilipokwisha aliendelea kulisikiliza. Mlango ulifunguka nyuma yao, Mratibu akatoka na bahasha kifuani.

"Sauti yako haikutetemeka," Wakili alisema. "Jumamosi pia haikutetemeka."

Akanyoosha mkono wa kushoto hewani, akalipata bega la Mratibu, wakaondoka.